Vigari vya Mombasa, mada ya Jumamosi

Habari za jioni, wapendwa. Jumamosi saa nane mchana tunakutana palepale, karibu na stesheni ya Kampala. Kabla ya kuzungumzia reli kuu iliyofika hapa mwaka 1931, nataka tuanze na vigari vya Mombasa, yaani vibehewa vidogo vya abiria vilivyosukumwa kwa mikono relini. Mwaka 1890 kampuni ya Mackinnon, yaani Imperial British East Africa Company, ilianza kujenga reli nyembamba ya kuja Ziwa Victoria. Ikaishia maili chache tu, na vyuma vyake vikatandikwa mitaani Mombasa ili vigari vipite juu yake. Abiria alikaa kwenye benchi chini ya turubai, wanaume wakimsukuma kwa nyuma juani. Vigari viwili vikikutana, kimoja kiliinuliwa na kuwekwa kando. Wasukumaji hao hawatajwi vya kutosha, na inaniuma. Mwenye picha za zamani aje nazo, tafadhali.