Nilifunga kwa ajili ya Mungu, au nilikuwa naukomoa mwili wangu?

Dada mpendwa, Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mama wa miaka 51, mama lishe hapa Masasi, mkoani Mtwara. Nina watoto wanne, kitindamimba ni binti wa miaka 16. Naomba jina langu lisitoke, maana wanawake wa jumuiya yetu wanakusoma, na jambo lenyewe linawahusu.

Hedhi ilianza kurukaruka nikiwa na miaka 48, na sasa mwaka umepita sijaiona. Nikiwa nasonga ugali, joto linanipanda kifuani hadi usoni, kanga inaloa kama nimenyeshewa. Usiku naamka mara mbili tatu naenda kukaa barazani. Hayo nayavumilia. Kilichonishinda ni tumbo. Nilikwenda kwa fundi kupimwa sare ya WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, akazungusha tepu, akafungua daftari lake la zamani, akasema, "Mama, hivi vipimo tuviache, tuanze upya." Hakusema kwa ubaya. Lakini nilirudi nyumbani nikasimama mbele ya kioo, nikauambia mwili wangu maneno ambayo nisingethubutu kumwambia mwanamke mwingine yeyote.

Huku kwetu binti akivunja ungo anachezwa unyago, makungwi wanamfunda. Mimi mwenyewe nilichezwa. Hedhi ya kwanza niliipokea kwa ngoma na vigelegele. Hii ya mwisho imeondoka kimya, na hakuna bibi wala shangazi aliyenikalisha mkekani akaniambia mwili sasa unaelekea wapi.

Kwaresima ikaingia. Kanisa linatutaka tufunge Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mimi nikafunga siku zote arobaini: chai ya rangi asubuhi, mlo mmoja usiku, mchana kutwa napakulia wateja wali na mbaazi. Pasaka ikapita, nikaendelea. Jumuiya wakanisifu kwamba nimejitoa kweli. Nilisali, hilo sikatai. Ila kila Jumapili kabla ya Misa nilikuwa najifungia chumbani, najipima kiuno. Kikipungua, nilikwenda kanisani na furaha. Kisipopungua, hata Komunyo niliipokea kwa uchungu.

Wiki ya pili baada ya Pasaka nilianguka jikoni. Nashukuru Mungu sikuangukia moto. Nesi aliyenipokea alinieleza taratibu, kwa heshima, kama mdogo wangu wa damu. Alisema wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni inashuka, mafuta yanahamia tumboni, na mifupa inaanza kupoteza nguvu. Akaniambia kujinyima chakula kunazidi kuidhoofisha misuli na mifupa hiyohiyo itakayonibeba uzeeni. Nililia pale kitandani. Nilikuwa nauadhibu mwili ambao haukunikosea kitu.

Nikakumbuka mafungo ya kiroho tuliyofanya Ndanda kwa watawa Wabenediktini miaka ya nyuma. Padre alitusomea Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 49, kuhusu Kwaresima: mtawa anayetaka kujinyima zaidi ya wengine amweleze kwanza abati wake, yaani mkuu wa monasteri, apate baraka, la sivyo itahesabiwa kuwa majivuno. Wakati ule niliona ni mambo ya watawa. Sasa naona yananihusu mimi, kwa sababu sikumweleza mtu. Nilijua fika nikimweleza padre wetu ataniuliza sababu, na sababu yangu ilikuwa tepu ya fundi.

Lakini kinachoninyima usingizi ni binti yangu. Ameanza kusukuma sahani, anasema anafunga kama mama. Juzi nilimpikia kisamvu cha nazi anachokipenda tangu utotoni, nikamwambia, "Kula, mwanangu." Akanitazama akasema, "Mbona wewe huli?" Sikuwa na jibu. Nilichukua sahani nikala naye, tonge kwa tonge, na moyo unadunda kwa hofu. Bado nakula kwa hofu hiyo. Nasoma habari ya Eliya, 1 Wafalme 19, alivyolala chini ya mti wa mretemu akiomba kufa. Malaika hakumkemea, alimgusa akamwambia ainuke ale, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili. Natamani kujigusa mwenyewe kwa mkono wa namna ile, na sijui pa kuanzia.

Sasa naomba ushauri wako, dada. Kwanza, nilichofanya nikipeleke kwenye kitubio kama dhambi, au ni maumivu tu ya kumweleza padre nje ya kitubio? Pili, binti nimweleze yote, hadi habari ya tepu, au nitamfundisha kuuchukia mwili wake ambao hata haujamaliza kukua? Halafu kuna hili la haraka. Jumuiya wamenichagua nizungumze na mabinti Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, mada ni mfungo, na wamenichagua kwa ajili ya Kwaresima ileile. Nikikataa bila sababu nitakuwa naficha. Nikisimama nikasema kweli, binti yangu atakuwa amekaa mstari wa mbele. Nianze na neno gani?

Ni mimi msomaji wako,
Mama wa Masasi