Joto la bondeni si joto la kileleni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu nitoe maoni yangu kuhusu habari mliyochapa juu ya mwelekeo wa hali ya hewa milimani mwanzoni mwa majira ya joto. Kichwa cha habari kilisema joto litakuwa juu ya wastani, na kando yake mkaweka picha ya kilele kinachong'aa juani. Kazi yangu ni kuongoza wapanda milima. Tangu habari ile itoke, nimeshaulizwa na watu kadhaa kama wanaweza kuacha makoti mazito nyumbani.

Wasiache. Wataalamu wanapotoa mwelekeo wa msimu hugawa uwezekano katika mafungu matatu: chini ya wastani, wastani na juu ya wastani, wakilinganisha na kipindi cha miaka 30, ambacho kwa sasa ni 1991 hadi 2020. Pasipo dalili yoyote, kila fungu hupata theluthi moja. Fungu la juu likipewa asilimia 45, hiyo ni habari kubwa kwa anayesimamia bwawa au anayepanga malisho ya miezi mitatu, lakini asilimia 55 bado ziko upande mwingine. Na mwelekeo huo hausemi lolote kuhusu Jumamosi ijayo. Miezi mitatu yenye joto inaweza kubeba ndani yake siku mbili za theluji, na hizo mbili ndizo zinazoua.

Tarehe 22 Mei 2021, mbio za kilomita 100 zilifanyika milimani katika jimbo la Gansu, China. Walioanza walikuwa 172, wengi wakiwa wamevaa kaptura na fulana. Mchana ukaingia upepo mkali, mvua ya mawe na mvua yenye baridi ya barafu. Watu 21 walipoteza maisha, miongoni mwao mabingwa wa mbio ndefu. Mchungaji mmoja wa kondoo aliokoa wakimbiaji sita kwa kuwaingiza pangoni alimokuwa amejikinga na kuwawashia moto. Hii ilikuwa mwishoni mwa Mei, wakati ambao wengi wetu tunahesabu baridi kuwa imekwisha.

Halafu kuna suala la kimo. Kwa wastani, kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5. Mji ulio mita 800 ukisoma nyuzi 24, aliye mita 3,000 ana kama nyuzi 10 tu, na hapo upepo haujamgusa. Jedwali lenu lilikuwa na namba ya mji peke yake.

Jambo ambalo habari yenu haikuligusa kabisa, na ndilo linaloniuma zaidi, ni theluji iliyobaki milimani tangu majira ya baridi. Nakumbuka kijito nilichovuka saa kumi na mbili asubuhi na watu wanne. Tulikanyaga jiwe hadi jiwe, viatu havikulowa. Tuliporudi saa kumi jioni, mawe yale hayakuonekana. Maji yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa majivu, na chini yake tulisikia mawe yakigongana, ko, ko, kama mtu anayebisha mlango akiwa ndani. Hatukuthubutu. Tulilala ng'ambo ile tumebanana chini ya turubai moja, tukingoja baridi ya usiku ipunguze kuyeyuka kwa theluji, na alfajiri tukavuka. Utabiri tuliokuwa nao ulisema jua, na jua lilikuwepo kweli. Ndilo lililojaza kijito.

Jua hilohilo la asubuhi hupasha miteremko, hewa ikapanda, na kufika adhuhuri mawingu meupe yamevimba juu ya vilele. Alasiri ni radi. Kuandika "vipindi vya jua na mvua" hakumsaidii mtu aliye kwenye ukingo wa mlima. Mkiandika kwamba ngurumo zinatarajiwa kuanzia saa saba mchana, atajua kwamba anatakiwa kuondoka gizani ili saa sita imkute ameshashuka.

Ninaomba pia mchapishe kimo cha nyuzi sifuri, yaani urefu ambako hewa hufikia kiwango cha maji kuganda. Kimo hicho kikibaki juu ya vilele usiku kucha, theluji haigandi tena, madaraja ya theluji juu ya vijito hulegea, na mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu huanza kuanguka. Tarehe 3 Julai 2022, kipande cha barafu ya mlima Marmolada, Italia, kiliporomoka na kuua watu 11, baada ya siku za joto lisilo la kawaida hata kileleni. Kwa watu wa milimani, msimu wa joto kuliko kawaida unaweza kuwa onyo, ilhali ninyi mliuandika kama mwaliko.

Sidai ukurasa mzima. Mistari miwili chini ya jedwali inatosha: kimo cha nyuzi sifuri na saa ya radi, pamoja na neno moja kuhusu theluji iliyobaki. Toleo la Ijumaa lingefaa zaidi, kwa kuwa Ijumaa jioni ndipo watu hufunga mizigo.

Mwongozaji wa wapanda milima