Lebo ya "Dodoma" peke yake haisaidii

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaseme wenzangu tunaopakia nyaraka, picha na sauti mtandaoni kutoka mkoa huu. Faili linaloitwa "scan0047" na lebo yake moja (neno la kulitafutia) ya "Dodoma" ni kama limefungiwa kabatini na ufunguo ukapotea. Dodoma ipi? Kuna jiji, kuna mkoa, na siku hizi kila waraka wa wizara unabeba jina hilo hilo. Andikeni wilaya na kata. Kwa nyaraka za zamani, tazameni pia mipaka ya wakati ule: taarifa ya Farkwa ya mwaka 1998 iliwekwa chini ya Wilaya ya Kondoa, maana Wilaya ya Chemba ilikuwa haijazaliwa. Hiyo ipewe lebo zote mbili.

Kinachotutesa zaidi ni Kiswahili chenyewe. Zabibu, mzabibu, mizabibu: sisi tunaelewana, lakini kompyuta inayolinganisha herufi inaona maneno matatu. Mmoja ameweka "mizabibu", mwingine anatafuta "mzabibu", hawakutani. Mkulima, wakulima na kilimo ni vivyo hivyo. Dawa yake ni orodha moja ya lebo kwa ofisi nzima, isiyozidi ukurasa, yenye jina la zao kama linavyotajwa sokoni: zabibu, alizeti, mtama, karanga. Maumbo mengine ya neno yaingie kwenye maelezo marefu, yasiongezwe kwenye lebo.

Mfumo wa Dublin Core wa kuandika maelezo ya mafaili, ulioanzia Dublin ya Ohio, Marekani, mwaka 1995, una vipengele 15. Ofisi ya kata haihitaji vyote. Jina, mwandishi au mpigaji, tarehe, mahali, lugha, aina na ruhusa vinatosha kuanzia. Tarehe iwe ya tukio, si ya siku ya kupakia, na iandikwe 2024-03-07. Hapo mafaili yanajipanga yenyewe kwa mfuatano.

Kila aina ya faili ina ugonjwa wake. Picha ikipitishwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza tarehe na mahali vilivyohifadhiwa na kamera, kwa hiyo itumeni kama dokumenti. Karatasi iliyoskaniwa ni picha tu mpaka ipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi. Sauti haina hata neno moja la kutafutwa, inategemea lebo kwa kila kitu: wimbo wa Kigogo uwekewe msimbo wa lugha "gog", wa Kirangi "lag", wa Kisandawe "sad". Tunaziwekea zote "sw", yaani Kiswahili, kwa mazoea, kisha tunashangaa hazionekani. Tajeni na ala: zeze au ilimba.

Majedwali ya mavuno ndiyo mabaya kuliko yote. Safu imeandikwa "magunia" basi. Gunia la alizeti halina uzito wa gunia la mahindi, na hatujui kama lilishonwa kawaida au ni lumbesa, lililojazwa kupita kiasi. Andikeni kilo.

Mtunza kumbukumbu,
Dodoma