Mpwa wangu, kadi zako zina miaka tupu

Mpwa wangu,

Shikamoo yako nimeipata kupitia kwa mama yako, marahaba. Kaniambia pia kwamba umeweka Anki kwenye simu, ile programu ya kadi za maswali na majibu, unajibu kadi kila usiku hapo Lindi, na bado mtihani wa Historia umekutoa jasho. Nakuandikia hadharani kwa sababu wenzako wengi wa kidato cha tano wamekwama hapohapo, na mjomba akinyamaza nani atasema?

Programu haina kosa. Kazi yake ni kukuuliza jambo pale unapokaribia kulisahau. Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: tunasahau haraka mwanzoni, kisha polepole, na marudio yaliyopishana kwa siku yanashinda kukesha usiku mmoja. Piotr Woźniak wa Poland akaitengenezea kompyuta hesabu ya kupanga marudio hayo mwaka 1987. Anki ilitoka 2006 na kwa miaka mingi imetumia kanuni iliyotokana na ya kwake. Ukipatia, kadi inakwenda siku kadhaa, halafu wiki, halafu miezi. Ukikosea, inarudi karibu. Basi.

Shida ni ulichoilisha. Nimeona kadi zako. "Mradi wa karanga ulianza lini?" 1947. "Ulifutwa lini?" 1951. "Je, Bandari ya Mtwara ina kina kirefu?" Ndiyo. (Kadi ya ndiyo na hapana ifute leo, hata asiyesoma ataipatia kwa kubahatisha.) Zote unazijibu sawasawa, lakini mwalimu kauliza kwa nini Waingereza walijenga reli huku kusini, nawe ukamwandikia tarehe.

Hebu tuutazame mradi wenyewe, maana ulipita mlangoni kwetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Ikaamua kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Sasa karanga za Nachingwea zingefikaje melini? Ndiyo ikaja reli, ndiyo ikaja bandari ya Mtwara. Lindi, na uzee wake wote wa kuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini, haikuwa na kina cha kutosha kwa meli kubwa. Usininunie, ndivyo ilivyokuwa. Mvua zikagoma, udongo wa Kongwa ukakauka ukawa kama saruji, matrekta yakafa, mradi ukafutwa. Reli nayo ikang'olewa baadaye. Bandari ikabaki, na leo inapakia korosho.

Humo mna kadi nzuri tele. "Uhaba gani ulizaa mradi wa karanga?" "Kwa nini Nachingwea ilihitaji reli?" "Kwa nini meli kubwa zilipelekwa Mtwara, si Lindi?" Kila moja jibu lake ni sentensi moja, lakini jibu la hii ndilo linalozaa swali la ile. Tarehe zibakize, ila zisiwe peke yake.

Halafu ongeza kadi za kuvusha mada. "Kilwa ya karne ya 14 na Mtwara ya mradi wa karanga zinafanana nini?" Zote ni bandari zilizotazamia mzigo kutoka mbali: Kilwa dhahabu iliyopita Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, na Mtwara karanga za Nachingwea. Mreno alipozitwaa Kilwa na Sofala mwaka 1505, Kilwa iliyumba. Ukiweza kulijibu hilo bila kutazama, insha imeshaanza kujiandika. Kwa hiyo Historia na Jiografia ziweke fungu moja zichanganyike, utofautishe kwa lebo tu.

Kadi mpya 20 kwa siku, kama programu ilivyopangwa, ni nyingi kwako, weka tano. Na usipakue mafungu ya kadi yaliyotungwa na watu wengine. Kuitunga kadi ni nusu ya kusoma.

Shule ikifunguliwa simu inabaki kwa mama, najua. Chukua boksi la viatu, ligawe vyumba vitano, kama alivyofundisha Mjerumani Sebastian Leitner miaka ya 1970. Ukipatia, kadi inasogea chumba cha mbele kinachofunguliwa mara chache; ukikosea, inarudi cha kwanza.

Nitumie kadi kumi za Kilwa kabla ya Ijumaa. Zikiwa za tarehe tupu, nazirudisha.

Mjomba wako,
Mtwara