Mafundi rewaya, pimeni kwanza

Mhariri, naomba kanafasi niongee na mafundi rewaya, hawa wa umeme wa magari, maana nimechoka. Kagari kangu ka Kijapani, ka zamani kidogo, taa ya ndani iligoma kuzima hata milango yote ikifungwa, na kwenye dashibodi kialama cha mlango wazi kinawaka muda wote. Balbu yenyewe ya wati 8 tu, utasema inakula nini, ila piga hesabu, kwa volti 12 ni kama ampea 0.7, ukipaki Ijumaa saa moja jioni mpaka Jumatatu saa moja asubuhi zimeenda ampea-saa 40 na betri yangu ni ya 45. Gari kimya, naanza kumwomba jirani anibustie.

Fundi wa kwanza hata boneti hajafungua, "bosi hii betri imekufa", nikanunua. Wa pili akabadilisha swichi zote nne za milango, hela ikaenda, taa iko vilevile. Nikamuuliza au ni shoti, akacheka, ati ingekuwa shoti fyuzi ingeungua. Sasa jamani, kwenye gari kama hili swichi ya mlango haipeleki moto (chanya ya betri), inapeleka asi (hasi, ambayo ndiyo bodi ya chuma ya gari), mlango ukifunguka inaugusisha waya na bodi, taa inawaka. Waya huo ukichubuka ukagusa bodi popote pale gari linaona mlango uko wazi, na umeme unakuwa umeshapita kwenye balbu, fyuzi itaungua kwa lipi?

Jumamosi nikaazima mita ya kupimia umeme. Nikachomoa swichi zote, taa ipo tu, kumbe swichi hazina kosa. Nikatoa balbu na kichwa cha betri, ncha moja ya mita kwenye waya wa swichi, nyingine kwenye bodi, inalia piii, yaani waya umegusa bodi mahali, nikaanza kubandua plastiki za vizingiti huku mtoto ananishikia tochi, nilipolegeza skrubu moja mlango wa nyuma kushoto mlio ukakata. Skrubu ndefu kuliko wenzake, nadhani ya yule aliyefunga spika, imetoboa waya katikati na shaba imeshaota kijani. Nikaunga, nikazungusha tepu, nikaweka skrubu fupi, taa ikazima.

Ile betri "iliyokufa" nimeichaji, inashika chaji vizuri tu. Swichi zangu za zamani nikamfuata fundi anirudishie, anasema ameshauza.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam