Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Sisi na Makanisa

Ndugu wanachama wa chama chetu cha pool,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Nitazungumzia jambo lililotushughulisha zaidi mwaka huu, yaani makanisa.

Tulikotoka mnakujua. Kijana wa kwaya akionekana ameshika fimbo ya pool, wazee wa kanisa wanamwita. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, usharika mmoja wa mtaani kwetu umetuita sisi, tena kutuomba tuwafundishe vijana wao mchezo huo ndani ya ukumbi wa kanisa.

Katika kikao kile hakuna aliyeilaumu meza wala mipira. Kilichowakera ni bia, dau, na vijana kushinda mezani tangu asubuhi. Mzee mmoja akauliza kwa nini mashindano makubwa ya pool nchini yalibeba jina la bia miaka mingi. Tulimjibu kwamba ndiye mdhamini aliyejitokeza. Ni kweli, ila jibu halikumridhisha, na sishangai.

Paroko jirani, aliyealikwa, alikumbusha kwamba Papa Pius IX mwenyewe alikuwa akicheza biliadi, mchezo wa jamii moja na pool. Watu wakacheka, kikao kikalegea. Nikapata nafasi ya kuwaeleza habari za Uingereza. Huko makanisa, Wamethodisti wakiwa mstari wa mbele, yalipambana na ulevi kwa miaka mingi. Mwaka 1906, katika eneo la Manchester, ikaanzishwa Temperance Billiard Hall Company, kampuni iliyojenga kumbi za biliadi zisizouza pombe. Mchezo ukabaki, baa ikaondolewa. (Jengo lao la Chorlton siku hizi ni baa. Hilo sikulitaja kikaoni.)

Tumekubaliana hivi: hakuna kucheza saa za masomo, Jumapili ni baada ya ibada, na hakuna dau la aina yoyote, hata anayefungwa kununua soda. Najua soda imewaudhi baadhi yenu. Niliipigania, wazee wakakataa katakata.

Leo tuamue kama chama kiwape ile meza ya zamani. Kitambaa kitabadilishwa kwa gharama yetu, na usafiri watatoa wao. Lile jiwe lake la chini ya kitambaa si la kubeba kwa bodaboda. Kamati inapendekeza tuitoe. Wenzetu wenye baa wanapinga, kwa hofu ya kupoteza wateja wa jioni. Naomba tuwasikilize wao kwanza, kisha tupige kura.