Gharama za kuchezea Subaru hazirudi kwenye bei

Bwana Mhariri,

Wengi wanaouza Subaru Impreza WRX hapa Nairobi hujumlisha kwenye bei kila walichofunga, wakitarajia mnunuzi awarudishie. Nimenunua na kuuza magari haya mara tatu, na hilo sijaliona likitokea. Rimu kubwa, ekzosi inayonguruma na turbo iliyoongezwa msukumo humfurahisha aliyevifunga. Mnunuzi mzoefu hujiuliza injini imeteswa kiasi gani.

Majuzi nilitazama moja iliyong'arishwa kama kioo, lakini nilipochomoa kijiti cha kupimia oili, oili ilikuwa nyeusi tititi na haikufika hata alama ya chini. Injini hii, ambayo silinda zake hulala ubavu badala ya kusimama, haisamehe uzembe wa oili, na beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na mhimili wa injini, ndizo huumia mapema. Muuzaji hakuwa na risiti hata moja ya kubadilishwa kwa mkanda wa taimingi, unaolinganisha mwendo wa valvu na pistoni; ukikatika, valvu hugongana na pistoni na injini huharibika. Niliaga nikaondoka. Risiti hizo, hata zikiwa na madoa ya grisi, ningezilipia kuliko rimu.

Anayependa kubadilisha abadilishe, ila vipuri vya kiwandani avihifadhi ili amkabidhi mnunuzi pamoja na gari. Na aliyebadilisha injini au rangi ahakikishe logbuku, yaani hati ya umiliki wa gari, imerekebishwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya kutangaza bei, maana nambari ya injini isipolingana na hati, mnunuzi makini hatakaa kujadiliana.

Mpenzi wa magari,
Nairobi